Mtoto wa Kiume Anapokojoa kwa Matone

Ndugu wanakamati, huku Tarime na Serengeti homa ya mtoto mchanga huitwa malaria haraka mno. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, ombeni mkojo upimwe. Tena mwulizeni mama: mkojo wa mwanawe unaruka au unadondoka? Ukidondoka, na tumbo la chini limejaa, huenda vijinyama alivyozaliwa navyo vimeziba njia ya mkojo. Mkojo ukirudi nyuma, figo huharibika kimya kimya. Altrasaundi huonyesha kibofu kinene na figo zilizotanuka. Kipimo cha damu hueleza figo zinafanyaje kazi. Mpira wa mkojo huwekwa kwanza, upasuaji baadaye. Hospitali yetu ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Nauli ya huko, naomba, isingoje kikao cha mwezi ujao.