CRP imepanda, lakini wadudu hawapo

Bibi mmoja wa Ukunda alinijia na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. CRP yake ilikuwa miligramu 7 kwa lita. Kwa sababu ya karatasi hiyo alikuwa amekwisha kumeza antibiotiki mara tatu, na kila akipimwa, namba haikushuka. "Daktari, wadudu hawa hawafi?" aliniuliza.

Wadudu hawakuwapo. Hedhi alikuwa akiiona mara tatu au nne kwa mwaka, na kidevuni alikuwa na ndevu alizokuwa akizinyoa kwa siri. Msomaji, ukiwa na dalili hizo mbili, na magonjwa mengine yanayofanana yakiondolewa, basi una PCOS, ugonjwa wa homoni ambapo mayai ya uzazi hayapevuki sawasawa. Hata ultrasaundi si lazima.

CRP ni protini ya ini, huongezeka mwili unapopata mchochota, yaani ule moto wa kujikinga. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Nimonia yaweza kuipandisha kupita 100. Kwa mwenye PCOS moto huo ni makaa chini ya majivu: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta CRP ya wanawake hawa, kwa wastani, karibu maradufu ya wenzao, na unene peke yake haukutosha kuwa sababu. Antibiotiki haiuzimi moto wa namna hii.

Wala usiseme kila CRP iliyopanda ni PCOS. Kwetu Kwale malaria huipandisha, hata jipu. Na anayetafuta mtoto apimwe mkojo pia, kwani kichocho, tunachokijua sana Msambweni, huweza kuingia njia ya uzazi na kuzuia mimba.

Kama una fedha za kipimo kimoja tu, acha CRP. Pima sukari: unakunywa glukosi gramu 75, kisha unapimwa baada ya saa mbili. Ya bibi yule ilikuwa imeanza kupanda, na hakuna aliyekuwa ameitazama.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu, pima mimba kwanza, kisha mwone daktari. Ukuta wa mji wa mimba usipotoka kwa hedhi huwa mnene, na baada ya miaka waweza kuota kansa. Dawa za kuirudisha hedhi zipo.

Bibi yule sasa hutembea ufukoni Diani kabla jua halijawa kali. CRP hatujaipima tena.