Maganda ya Korosho na Kuvu ya Ngozi: Kutoka Maabara hadi kwa Mgonjwa

Baada ya korosho kubanguliwa, viwanda vya Mtwara na Lindi hubaki na marundo ya maganda. Ndani ya ganda mna kimiminika kizito cha rangi ya kahawia ambacho wabanguaji hukijua vyema, kwani huunguza vidole. Kimiminika hicho kina asidi anakadiki na kadoli. Kikipashwa moto sana, asidi hiyo hugeuka kuwa kadanoli. Katika maabara, viambato hivi vimezuia ukuaji wa baadhi ya kuvu, kwa nguvu zinazotofautiana. Je, matokeo hayo yanatosha kumpaka mgonjwa?

Kuua kuvu si kuponya

Seli ya kuvu inakaribiana na ya binadamu kuliko ya bakteria. Kwa hiyo dawa bora hulenga tofauti chache zilizopo. Klotrimazoli, kwa mfano, huzuia kuvu isitengeneze ergosteroli inayoimarisha utando wa seli yake. Utando wa seli ya binadamu hutegemea kolesteroli. Kimiminika cha ganda la korosho hakina uteuzi wa namna hiyo. Hudhuru ngozi yenyewe, na kwa baadhi ya watu huamsha mzio wenye mwasho na malengelenge. Mgonjwa wa choa akijipaka, huenda akaongeza kidonda juu ya ugonjwa, na bakteria wakapata njia ya kuingia.

Hatua zinazohitajika

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kupewa kipaumbele katika utafiti. Haja ya dawa mpya ni ya kweli, na mabaki ya mazao ni chanzo kinachostahili kuchunguzwa. Hata hivyo, ni lazima kwanza kupima kiwango cha chini kinachozuia kuvu, kisha kukilinganisha na kiwango kinachodhuru seli za ngozi. Utengenezaji nao uwe wa namna moja, kwa kuwa kilichokamuliwa bila moto si sawa na kilichotokana na kukaanga. Ndipo majaribio kwa binadamu yafuate.

Ushauri

Mhudumu amuulize mgonjwa, bila kumkaripia, alichojipaka kabla ya kufika kituoni. Aliyepaka kimiminika hiki aoshe kwa sabuni na maji mengi, na asirudie kukitumia.

Choa cha mwilini hutibiwa kwa krimu ya klotrimazoli, ambayo hupakwa mara mbili kwa siku na kuendelezwa kwa wiki moja hadi mbili baada ya alama kutoweka. Mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza, kama vile griseofulvini, kwa wiki kadhaa, kwa sababu krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele.

Utafiti ukikamilika, huenda ganda likatoa dawa. Hadi wakati huo, lisipakwe mwilini.