Jifunze: Kuwafikia Wanawake Wanaoandika Kuhusu Teknolojia na Kazi

Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliwaomba wataalamu wa kompyuta, kupitia blogu yake, watengeneze ramani ya kuonyesha maeneo yenye vurugu. Ombi hilo lilizaa Ushahidi, programu iliyokuja kutumika katika nchi nyingi.

Ewe unayetafuta kazi Kitale au Bungoma, waandishi kama huyu wana mengi ya kukufunza:

1. Tafuta mtandaoni jina la mwandishi, si neno “kazi” pekee.
2. Jiandikishe kwa baruapepe upokee makala yake.
3. Soma makala moja kila wiki. Andika daftarini ujuzi mmoja wa kujaribu.
4. Ukiombwa ada ya kupewa kazi, au nambari ya siri ya M-Pesa, usitoe. Huyo ni tapeli.