SOMO: MBONO KABURI, SIFA ZAKE NA KAZI YAKE



Mmea wa somo hili mwaujua. Wazee wa pwani waliupanda makaburini na kandokando ya mashamba, ndipo ukaitwa mbono kaburi. Chomeka kijiti ardhini, kinachipua. Mbuzi hawali majani yake, kwa hiyo ni ua mzuri.

Kuanzia mwaka 2005 hivi mmea huu ukapewa jina la kigeni, jatrofa, na sifa mpya kabisa. Tuliambiwa unamea penye ardhi kavu isiyofaa kitu, hautaki maji wala mbolea, na mbegu zake zitatoa mafuta ya kuendesha injini. Mwaka 2008 bei ya mafuta duniani ilipopita dola 140 kwa pipa, nani angekataa? Wakulima wengi wa Kenya wakapanda mbono.

Matokeo je? Mwaka 2009 shirika la GTZ la Ujerumani pamoja na kituo cha utafiti wa miti cha ICRAF, Nairobi, walitoa ripoti baada ya kuwatembelea wakulima wadogo waliokwisha kupanda. Walisema wazi kwamba mbono haumlipi mkulima mdogo, ukipandwa peke yake au ukichanganywa na mazao mengine. Walikubali matumizi mamoja tu: ua. Yaani yale yale ya wazee!

Makampuni makubwa nayo hayakufua dafu. Kule Tana, kampuni ya Bedford Biofuels ya Kanada ilipata kibali cha NEMA mwaka 2011 kuanza na hekta 10,000, lakini mradi ukafa. Kisarawe, Tanzania, Sun Biofuels ilichukua zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11. Mwaka 2011 kazi ikasimama, vibarua wakarudi nyumbani mikono mitupu, na ardhi haikurudi kwa wanavijiji. Hilo la ardhi ndilo linalonitia hofu kuliko hasara ya mbegu.

Sasa tuelewe sababu. Mbono kuishi penye ukame ni kweli, lakini kuishi si kuzaa. Bila maji na mbolea unabaki hai na kutoa punje chache, na ukiwa na maji na mbolea, kwa nini usipande chakula? Tena matunda yake hayaivi pamoja. Lazima upite mti kwa mti, leo na wiki ijayo, kuchuma kwa mkono.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwa mashine ya mkono huhitaji karibu kilo 4 za mbegu, au zaidi, kupata lita 1 ya mafuta. Basi chukua bei ya lita ya dizeli hapa kwetu, igawe kwa 4. Hakuna mnunuzi atakayekupa zaidi ya hapo kwa kilo, na bado yeye ana gharama za mashine na za mashua. Wakati wa ile shamrashamra bei ya mbegu ilikuwa juu kwa sababu wanunuzi walikuwa wapandaji wapya. Walipokwisha wapandaji, soko likaisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa kware mwaka 2013 na 2014: waliopata faida ni waliowauzia wenzao vifaranga mapema.

Msiung'oe mbono wenu, lakini. Ua ni mali, na mafuta yake yanatengeneza sabuni. Ila mbegu ni sumu. Mtoto akila hutapika na kuharisha vibaya, apelekwe zahanati mara moja. Mashudu yake yawekwe shambani kama mbolea, asipewe ng'ombe wala kuku.

KAZI YA KIKUNDI: Mbegu zikiwa zimeiva uani, watu wawili wachume kwa saa moja, wakaushe, wabangue, kisha wapime. Mweka hazina aandike kilo zilizopatikana, na pembeni aandike kibarua cha saa moja hapa Chundwa ni shilingi ngapi. Ukurasa huo uhifadhiwe. Akija mgeni na mmea mwingine wa ajabu, aulizwe kwanza mbele ya wote: nani ananunua mavuno, si mbegu ya kupanda? Amenunua wapi mwaka jana, na kwa bei gani? Na je, anataka tutie sahihi karatasi yoyote inayohusu shamba?