SUFURIA YA PRESHA NA NYAMA NGUMU



Maksai aliyevuta plau misimu mingi, nyama yake ni ngumu. Mama huiteleka asubuhi, na hata saa sita mchana bado inavutana na meno. Kuni zinakwisha. Watoto wana njaa. Mwishowe nyama huepuliwa kabla haijaiva sawasawa. Hapo ndipo tegu anapopata njia ya kuingia tumboni.

Leo tujifunze juu ya sufuria ya presha. Wako watu wakisikia neno "presha" hushtuka, wakidhani ni ule ugonjwa wa damu. Sivyo. Presha ya sufuria hii ni nguvu ya mvuke uliofungiwa ndani.

Moto mkubwa hauongezi joto la maji

Teleka maji. Yakianza kutokota, ongeza kuni. Je, maji yatakuwa ya moto zaidi? Hapana. Maji yakishatokota, joto lake halipandi tena. Kuni ulizoongeza zinageuza maji kuwa mvuke tu, na mvuke unapaa na kupotea. Kumbe mzigo wa kuni uliobebwa kutoka mbali unachomwa bure!

Tena joto hilo la kutokota si moja kila mahali. Hewa iliyo juu yetu ina uzito, nayo huyakandamiza maji. Kule Bagamoyo, pwani, maji hutokota kwa digrii 100. Sasa ifuate ile njia ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi Wanyamwezi na pembe za ndovu mabegani. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora unapanda. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kidogo, na maji hutokota kwa digrii 96 hivi. Kwa hiyo nyama ya kuchemsha Tabora huchelewa kuiva kuliko ya Bagamoyo, hata kama moto ni ule ule.

Wasafiri wa zamani walilijua jambo hili. Mwaka 1858 Mwingereza Speke alitoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akaenda kaskazini mpaka ziwani karibu na Mwanza. Huko alichemsha maji akayapima joto. Joto hilo likamwonyesha kuwa ziwa liko mita 1,140 hivi juu ya bahari. Vipimo vya siku hizi vinakaribia sana hesabu yake.

Sufuria inavyofanya kazi

Kifuniko cha sufuria ya presha hufungwa kwa nguvu, na katikati yake na sufuria kuna mpira. Mvuke haupati pa kutokea. Unajaa, unayakandamiza maji, nayo hayatokoti upesi bali huzidi kupata moto, mpaka digrii 115 au 120. Juu ya kifuniko kuna kitundu chenye kizito. Presha ikitosha, mvuke hukiinua kizito na kutoka kwa mlio. Pia kuna kizibo cha usalama, ambacho hufunguka chenyewe kitundu kikiziba. Mfaransa Denis Papin aliitengeneza sufuria ya namna hii mwaka 1679, na yeye mwenyewe akaona haifai kukosa mlango wa kutolea mvuke.

Ugumu wa nyama unatokana na nyuzi na kano. Joto la majimaji huzilainisha polepole. Hizo ndizo zinazofanya mchuzi wa kongoro ugande ukipoa. Joto likizidi, kazi hiyo huenda haraka. Nyama iliyotaka saa 3 huiva kwa dakika 40 au 50. Ya mbuzi huhitaji muda mfupi zaidi.

Namna ya kupika

Kata nyama vipande. Tia maji, yasipungue vikombe viwili, kwani bila maji hakuna mvuke. Usijaze sufuria kupita theluthi mbili. Maharage yasipite nusu, maana yanafura na maganda yake huziba kitundu. Kabla ya kufunga, tazama kitundu dhidi ya mwanga. Unaona upande wa pili? Vizuri.

Kizito kikianza kulia, punguza moto. Vuta kuni nje, au punguza makaa. Mlio mdogo unatosha. Moto wa mafiga usipande ubavuni, utaunguza mpira na vishikio.

Wakati wa kufungua ndio wa hatari kuliko wote. Epua, uache ipoe dakika 15. Inua kizito kidogo kwa uma, uso ukiwa mbali. Kama bado kuna mlio, ngoja. Kifuniko kikikataa kufunguka, usikilazimishe hata kidogo, kwa sababu mvuke ungali ndani. Ukitoka kwa ghafla utakuunguza uso na kifua. Watoto wakae mbali.

Tegu na kibudu

Vifuko vya tegu ndani ya nyama ya ng'ombe ni vidogo na vyeupe. Hufa nyama ikiiva mpaka katikati, iwe kwa sufuria ya presha au kwa chungu cha kawaida. Nyama yenye wekundu ndani bado. Ng'ombe naye humpata tegu kwa kula majani yenye kinyesi cha mtu, kwa hiyo choo ni sehemu ya dawa.

Lakini sufuria ya presha haiitakasi nyama ya kibudu. Ng'ombe aliyekufa ghafla huenda amekufa kwa kimeta. Ugonjwa huo humpata mtu wakati wa kuchuna na kukata, kabla nyama haijafika jikoni. Usimpasue. Mwite bwana mifugo.

Wasio na sufuria hii

Sufuria ya presha ina bei, na si kila nyumba itainunua. Usijaribu kufunga kifuniko cha sufuria ya kawaida kwa waya, inaweza kupasuka. Kata nyama vipande vidogo, funika vizuri, na maji yakitokota punguza kuni. Nyama itaiva kwa muda ule ule kama ungewasha moto mkubwa, na kuni zitakazobaki zitapika chakula cha jioni.