KIDONDA KISICHOONEKANA
Somo juu ya ubongo baada ya woga mkubwa



Katika ukurasa huu tunazoea kusema juu ya kofia, viatu vya kazi na mavumbi. Leo tunasema juu ya kidonda ambacho radiografia haikionyeshi. Mwenye nacho anatembea, anakula bukari, anakuja kazini. Lakini usiku halali, na mchana anashtuka kwa sauti ya mlango.

Sisi wa Mitwaba tunajua asili yake. Mwaka 2005 na 2006, vita kati ya jeshi na Mai-Mai ilifukuza watu wengi katika vijiji. Wengi walilala porini na katika kambi za wakimbizi. Tarehe 12 Mei 2006, Gédéon Kyungu Mutanga alijitoa hapa Mitwaba mikononi mwa askari wa ONU. Mwaka 2011 akatoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, na taabu ikarudi mpaka Oktoba 2016, alipojitoa tena. Nchi iliyo kati ya Mitwaba, Manono na Pweto iliitwa «pembe tatu ya kifo». Machimbo nayo yana mambo yake: tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwaangukia wachimbaji, na zaidi ya 30 walikufa. Mtu anaweza kutoka hai katika mambo kama hayo, mikono na miguu mizima, lakini kichwa kikachelewa kupona.

1. Ubongo unafanya nini?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, inayofanana na punje ya karanga, jina lake amigdala. Huyu ni zamu wetu. Akisikia hatari anapiga kengele kabla hujafikiri: moyo unapiga mbio, jasho linatoka, miguu inataka kukimbia. Hiyo si ubaya; ndiyo iliyowaokoa wengi.

Sehemu ya pili ni hipokampusi. Huyu ni karani: anaandika jambo limetokea wapi na siku gani. Sehemu ya tatu iko nyuma ya kipaji cha uso. Huyu ni shefu: anatazama, anapima, halafu anamwambia zamu, «Tulia, hatari imepita.»

Woga ukizidi, karani anashindwa kuandika vizuri. Jambo linabaki bila tarehe. Ndiyo maana mtu aliyekimbia bunduki mwaka 2006 anaweza kusikia dinamiti ya leo na mwili wake kuamini kwamba vita imerudi. Zamu anapiga kengele bila kukoma, wala hamsikii shefu. Mtu huyu si mwoga wala si mwenda wazimu. Kengele yake imeharibika, na kengele inatengenezwa.

2. Alama za ugonjwa

– Ndoto mbaya, au kuona tena jambo lile kama linatokea sasa.
– Kukimbia njia, watu au maneno yanayokumbusha.
– Kushtuka upesi, hasira ya ghafla, kukosa usingizi.
– Kujilaumu siku zote, kutopenda tena watu wala kazi.

Katika siku za kwanza, alama hizi ni za kawaida, na watu wengi wanapona wenyewe wakikaa kati ya jamaa zao. Zikipita mwezi mmoja, au zikizuia kazi na maisha ya nyumba, njoo dispansere. Mwenye kuongoza kamiyo au mashine na halali usiku anaweza kuua mwenzake bila kutaka. Amwambie shefu wake mapema.

Watoto wanaonyesha kwa namna yao: wanakojoa kitandani, wanalia usiku, wanakataa kuachana na mama. Wazazi, sikieni vizuri: huo si bulozi. Mtoto wa namna hii asipigwe, asifungwe, wala asifukuzwe nyumbani. Ameogopa, anataka kukaa karibu nanyi.

3. Dawa inayosaidia

Wengine wanatafuta usingizi katika lutuku. Lutuku inamlaza mtu saa chache, halafu inamwamsha na woga zaidi ya jana. Wengine wananunua vidonge vya usingizi sokoni. Mwaka 2013 Shirika la Afya la Dunia, OMS, lilionya kwamba vidonge vya jamii ya Valiumu visitolewe kwa alama za woga katika mwezi wa kwanza baada ya jambo baya. Vinazoeza mwili, na kidonda kinabaki palepale.

Dawa kubwa ni mazungumzo yenye mpango, pamoja na mtu aliyefundishwa. Katika Kivu kazi hiyo ilipimwa kwa wamama waliotendewa ubaya wa nguvu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2013. Waliowafundisha hawakuwa waganga wakubwa. Walikuwa wasaidizi Wakongomani waliosoma miaka michache baada ya shule ya msingi. Wamama walikutana kwa vikundi, karibu mara 12. Walijifunza kupima mawazo yanayowafunga, kama hili: «Ni kosa langu, ningekimbia mbele.» Swali likawa: ulijua nini saa ile? Nani alifanya ubaya, wewe au yule mwenye silaha? Miezi sita baada ya mafundisho, katika kila wamama 100 wa vikundi hivyo, karibu 9 tu walibaki na alama kali za ugonjwa. Kwa wale waliopata msaada wa kawaida, walibaki karibu 42.

Ndivyo shefu anavyopata nguvu tena, na karani anaandika tarehe: jambo lile lilikuwa jana, leo ni leo.

4. Mambo ya kufanya nyumbani

– Kengele ikilia, vuta pumzi polepole kwa pua, halafu itoe polepole zaidi kwa kinywa. Fanya hivyo mara kumi.
– Kanyaga chini kwa nguvu. Taja vitu vitano unavyoona na siku ya leo.
– Lala na kuamka saa zilezile, isipokuwa wiki ya kazi ya usiku.
– Mke, mume, rafiki: sikiliza. Usimlazimishe aseme yote, wala usimwambie «sahau».

Asemaye kwamba anataka kufa asiachwe peke yake hata saa moja. Mleteni kwetu au lopitali mara moja. Wenye ugonjwa mzito tunaweza kuwaelekeza Lubumbashi, kwenye kituo Docteur Joseph Guislain, kinachotunza wagonjwa wa akili.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini mtu anashtuka ingawa hatari imepita?
2. Kwa nini lutuku haiponyeshi woga?
3. Katika kartie yetu, nani halali, na nani atakwenda kumsalimia leo?