Waasi Wanaposhika Mji, Sheria Inasema Nini?

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katikati ya Februari wakafika Bukavu. Tangu hapo wakazi wamelipa ushuru na kufuata vibali kwa viongozi waliowekwa na waasi. Wengi wanauliza kama bado wana sheria ya kuwalinda. Wanayo.

Kuteka mji hakulipi kundi haki ya kuutawala. Azimio 2773 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Februari 2025, liliwataka M23 waondoke na kuvunja utawala wao. Lakini kukosa uhalali hakuwaondolei wajibu. Kifungu cha 3, kilichomo katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949, kinawabana waasi sawa na serikali. Raia, mfungwa au askari aliyeweka silaha chini asiuawe, asiteswe, asidhalilishwe wala kushikwa mateka. Majeruhi wa upande wowote atibiwe. Hakuna wa kuadhibiwa bila hukumu ya mahakama isiyopendelea, iliyompa nafasi ya kujitetea. Itifaki ya Ziada ya Pili ya Mikataba hiyo, ya 1977, inalenga hasa makundi yenye uongozi na eneo: inakataza uporaji na kuwaandikisha jeshini watoto walio chini ya miaka 15.

Kamanda naye hujibu mwenyewe. Bosco Ntaganda, aliyewahi kuwa kiongozi wa M23, alifungwa miaka 30 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2019, kwa uhalifu uliotendwa Ituri, pia mashariki mwa Kongo, mwaka 2002 na 2003.

Jambo jingine linalosumbua familia ni vyeti vya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa chini ya waasi ana kosa gani? Mwaka 1971, ikitoa maoni juu ya utawala haramu wa Afrika Kusini nchini Namibia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema uandikishaji wa vizazi, vifo na ndoa usipuuzwe pale ambapo kuupuuza kunawaumiza wananchi. Maoni hayo yalihusu dola, si waasi, na serikali inaweza kukataa mhuri wa kundi. Kwa hiyo tunza karatasi ya hospitali ya uzazi na majina ya mashahidi. Ndivyo vitakavyokusaidia kumwandikisha mtoto kwa serikali baadaye.

Ndugu akipotea au akikamatwa, iarifu Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Huduma yake ya kutafuta watu ni ya bure. Andika tarehe, mahali na waliomchukua, kisha nakala ikae kwa mtu unayemwamini aliye nje ya mji. Ikiwa kubeba maandishi hayo barabarani ni hatari, usiyabebe.